Mipangilio ya Mtumiaji Matoleo Yanapobadilika: Historia Inayotazamwa kutoka Kisangani

Mtu anayetumia programu moja ya kompyuta kwa miezi au miaka huiachia maamuzi mengi madogo: lugha ya menyu, mpangilio wa herufi kwenye kibodi, ukanda wa saa, alama ya sarafu, ukubwa wa karatasi ya kuchapia, kamusi ya maneno aliyoyaongeza mwenyewe. Maamuzi hayo, ambayo kwa pamoja huitwa mipangilio ya mtumiaji, huandikwa na programu mahali fulani kwenye diski, na kila mara toleo jipya linaposakinishwa juu ya la zamani huzuka swali la nini kibaki na nini kifutwe. Historia ya swali hilo ni historia ya kutenganisha kilicho mali ya mtunzi wa programu na kilicho mali ya mwenye kuitumia, na kwa kawaida imesimuliwa kutoka katika miji ya Marekani ambako programu nyingi hutungwa. Ikitazamwa kutoka Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, huonyesha upande wake mwingine, kwa kuwa mipangilio inapopotea, programu hurudi kwenye chaguo-msingi, yaani thamani inayotumika pale ambapo mtumiaji hajachagua lolote. Na chaguo-msingi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mara nyingi ni Kinshasa, kama si Paris.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika saa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili za saa tangu enzi ya utawala wa Ubelgiji: Kinshasa na majimbo ya magharibi yako saa moja mbele ya saa ya dunia inayohesabiwa kwa kipimo cha Greenwich, na majimbo ya mashariki, Kisangani ikiwamo, yako saa mbili mbele. Kisangani iko karibu na longitudo ya 25 mashariki, na kwa njia ya mto iko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, kwa hiyo tofauti hiyo inaafikiana na mwendo wa jua. Hata hivyo mtumiaji wa Windows anayetafuta ukanda wa mji wake haukuti kwa jina la mji wowote wa Kongo. Ukanda wa Kinshasa umeorodheshwa chini ya jina la Magharibi ya Afrika ya Kati, na ule unaoifaa Kisangani unaitwa kwa majina ya Harare na Pretoria, miji ya Zimbabwe na Afrika Kusini. Anayelijua hilo hulichagua mara moja na kulisahau. Lakini mashine ikifutwa na kusakinishwa upya, au mtu akiieleza nchi yake tu na kuiachia programu ikamilishe mengine, huweza kujikuta anaishi kwa saa ya Kinshasa.

Kosa la saa moja halionekani kuwa kubwa mpaka linapofuatwa hadi mwisho wake. Watumiaji wengi huona saa imerudi nyuma, huisogeza mbele kwa mkono, na kuuacha ukanda ulivyo. Kioo sasa kinaonyesha saa sahihi, lakini kompyuta, ambayo kwa ndani huhesabu wakati kwa saa ya dunia na kuongeza tofauti ya ukanda, inaamini kwamba dunia nzima imesogea saa moja mbele. Barua pepe inayotumwa kutoka mashine hiyo hubeba tarehe ya wakati ambao haujafika, faili hupokea muhuri wa saa ya uongo, na kikao kilichopangwa pamoja na mtu aliyeko Goma au Bujumbura huandikwa saa moja kando. Siku kompyuta inapounganishwa na intaneti na kujirekebisha, saa hurudi nyuma tena, na mtumiaji huilaumu mashine. Chanzo cha yote ni thamani moja ambayo mtu aliwahi kuichagua kwa usahihi na ambayo haikulindwa.

Katika mifumo iliyotokana na Unix mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inastahili kuelezwa. Mifumo hiyo hutegemea hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ikaendelezwa na Paul Eggert, na tangu 2011 kuwekwa chini ya uangalizi wa IANA, taasisi inayosimamia majina na namba za intaneti. Humo Kongo ina majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, na mtu wa Kisangani huchagua la pili. Mwaka 2014 watunzaji wake walipunguza marudio kwa kuzifanya kanda zenye historia moja tangu 1970 kuwa kitu kimoja: Kinshasa ikaelekezwa kwenye kumbukumbu za Lagos, na Lubumbashi kwenye zile za Maputo. Majina ya zamani hayakufutwa. Yalibaki kama viungo, yaani majina yanayoelekeza kwenye kumbukumbu nyingine, na kompyuta iliyokuwa imeandikiwa Africa/Lubumbashi kabla ya mabadiliko iliendelea kuonyesha saa ileile baada yake. Watunzaji walibadilisha sehemu ya ndani wapendavyo, lakini neno ambalo mtumiaji alikuwa ameliandika waliliheshimu kama ahadi.

Heshima ya namna hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Katika Windows ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 mipangilio iliandikwa katika faili za maandishi zenye kiambishi cha INI, na nyingi ziliwekwa katika folda ya mfumo wenyewe. Faili moja, WIN.INI, ilibeba pamoja mipangilio ya mfumo, ya programu za watunzi mbalimbali na ya mtumiaji, na haikuweza kuzidi kilobaiti 64. Faida yake ilikuwa kwamba mtu yeyote angeweza kuifungua, kuisoma na kuinakili kwenye disketi. Hasara yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa maana hapakuwa na mpaka: programu iliyosakinishwa upya iliweza kuandika juu ya mistari ya mwenzake, na aliyekuwa akifuta folda ya programu ili asakinishe toleo jipya alikuwa anafuta pia maamuzi yake mwenyewe. Unix, ambayo tangu mwanzo ilijengwa kwa ajili ya watu wengi kutumia mashine moja, ilikuwa imempa kila mtu folda yake ya nyumbani na kuweka humo faili zilizofichwa, zinazoanza kwa nukta, za mipangilio yake binafsi. Wazo la mpaka lilikuwapo tayari. Kompyuta za mezani zilichelewa kulipokea.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilihamisha mipangilio kwenye sajili, yaani hifadhidata moja ya mfumo iliyogawanywa katika matawi. Jambo la maana katika mgawanyo huo ni kwamba mambo ya mashine na mambo ya mtu yaliwekwa katika faili mbili tofauti, SYSTEM.DAT na USER.DAT. Kwa mara ya kwanza mtumiaji wa kawaida wa kompyuta ya mezani alikuwa na faili iliyobeba maamuzi yake peke yake. Lakini watunzi wengi waliendelea kuandika mipangilio ya watumiaji ndani ya folda ya programu, mpaka Windows Vista ya mwaka 2007 ilipoifunga folda hiyo kwa kila programu isiyoendeshwa kwa idhini ya msimamizi na kuanzisha folda ya AppData ndani ya eneo la kila mtumiaji. Programu za zamani zilizojaribu kuandika mahali palipofungwa zilihamishiwa kimyakimya maandishi yake kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, hatua iliyookoa programu nyingi zisianguke, ingawa iliwaacha watumiaji wengi hawajui mipangilio yao iko wapi.

Kutenga mahali hakukutosha, na mfano wake bora ni mfumo wa mipangilio uliokuja na .NET Framework 2.0 mwaka 2005, jukwaa ambalo watunzi wengi wa programu za Windows walilitumia. Humo mipangilio ya mtumiaji huandikwa katika faili iliyo ndani ya eneo lake, kama inavyopaswa, lakini njia ya kuifikia faili hiyo inajumuisha namba ya toleo la programu. Toleo la 1.0 lina folda yake, na toleo la 1.1 lina yake. Siku toleo la 1.1 linapofunguliwa kwa mara ya kwanza hutazama katika folda yake, hukuta haina kitu, na kuanza kwa chaguo-msingi. Mtumiaji huona lugha imerudi Kiingereza, folda ya kazi imepotea, dirisha limerudi ukubwa wa kiwandani, na huamini kwamba mipangilio imefutwa, ilhali imekaa salama katika folda jirani ikisubiri kuitwa. Jukwaa lenyewe lina amri ya kuichukua mipangilio ya toleo lililotangulia na kuileta kwenye jipya, lakini haijiendeshi yenyewe. Ni lazima mtunzi aikumbuke na kuiita, tena mara moja tu, kwa sababu ikiitwa kila programu inapofunguliwa itayafunika maamuzi mapya kwa ya zamani. Ndiyo maana ilizuka desturi ya kuongeza mpangilio mmoja wa ndani, alama ya ndiyo au hapana, ambayo chaguo-msingi lake ni ndiyo: programu ikiikuta ni ndiyo hujua kwamba faili ni mpya, huleta mipangilio ya zamani, huigeuza alama kuwa hapana, na kuhifadhi. Mistari mitatu au minne ya msimbo ndiyo inayoamua kama mtu atatambua kazi yake baada ya kusasisha, na ni haki kusema kwamba jukwaa linaloacha jambo zito kama hilo litegemee kumbukumbu ya mtunzi mmoja mmoja limeliweka jukumu mahali pasipofaa.

Wengine walichukua njia nyingine. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, ilitoa toleo la 4.0 mwezi Februari 2013 na kuweka mipangilio ya mtumiaji katika folda yenye namba 4. Tangu hapo matoleo makubwa yamefuatana, lakini folda hiyo imeendelea kuitwa 4, na anayehama kutoka toleo moja kwenda jingine huikuta mipangilio yake mahali palepale bila kuletewa na mtu. Firefox nayo kwa miaka mingi iliweka wasifu wa mtumiaji, pamoja na alamisho na nywila zake, katika folda iliyo mbali na programu, isiyojali namba ya toleo. Toleo la 67, la Mei 2019, lilipoamua kwamba kila usakinishaji uwe na wasifu wake, baadhi ya watu waliokuwa na Firefox zaidi ya moja kwenye mashine moja walifungua kivinjari na kukuta alamisho hazipo. Hazikuwa zimefutwa, zilikuwa katika wasifu wa jirani. Ni kasoro ileile ya .NET kwa sura nyingine, na inaonyesha kwamba hata watunzi wenye uzoefu mrefu huweza kusahau kuwa kwa mtumiaji, kitu kisichoonekana na kitu kilichopotea ni kimoja.

Jibu lililofikiriwa kwa kina zaidi lilitoka kwa Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kifaa chake cha kusakinisha, dpkg, hutunza alama ya utambulisho ya kila faili ya mipangilio jinsi ilivyokuja na toleo la zamani, kisha wakati wa kupandisha toleo hulinganisha vitu vitatu: faili ya zamani ya mtunzi, faili mpya ya mtunzi, na faili iliyoko kwenye mashine. Kama mtumiaji hakuigusa faili, mpya huwekwa bila maswali. Kama mtumiaji ameigusa lakini mtunzi hakuibadilisha, ya mtumiaji hubaki. Pale tu ambapo wote wawili wamebadilisha, dpkg husimama na kuuliza. Na mtu akibonyeza kitufe cha kuendelea bila kufikiri, faili yake ndiyo inayobaki, huku ya mtunzi ikiwekwa kando kwa jina jingine ili aweze kuilinganisha baadaye. Kanuni hiyo inahusu faili za mfumo, na maandishi yake yanamfaa msimamizi kuliko karani wa ofisi, lakini misingi yake ni sahihi: mashine isiulize inapojua jibu, iulize pasipo na jibu, na shaka ielekee upande wa aliyefanya kazi ya kuchagua.

Yote hayo yanadhani kwamba kinachobadilika ni programu tu. Huko Kisangani dhana hiyo haijawahi kutosha, kwa kuwa dunia inayoelezwa na mipangilio yenyewe imebadilishwa mara nyingi. Kituo kilichoanzishwa na Henry Morton Stanley mwezi Desemba 1883 penye maporomoko ya mto, ambako Tippu Tip wa Zanzibar aliteuliwa kuwa gavana mwaka 1887 kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, kilikua kikawa Stanleyville, na mwaka 1966 jina hilo likaondolewa rasmi na Kisangani ikachukua nafasi yake. Nchi ikawa Zaire Oktoba 1971 na kurudia jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Mei 1997. Jimbo la Mashariki likaitwa Haut-Zaïre, likarudishiwa jina lake, kisha mwaka 2015 likagawanywa katika majimbo manne. Chuo kikuu cha mji, kilichoanzishwa mwaka 1963 kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kiliunganishwa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire na kutenganishwa tena mwaka 1981. Anwani, vichwa vya barua na orodha za wanafunzi vilivyotungwa katika kipindi kimoja vilipaswa kusomeka katika kingine.

Kompyuta zilipofika, mabadiliko hayo yaliingia ndani ya misimbo. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3166, ambacho huipa kila nchi herufi mbili, Zaire ilikuwa ZR. Mwaka 1997 msimbo huo uliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na CD, na anwani za intaneti zilizoishia kwa ZR zikafuatia kuondolewa mwaka 2001. Sarafu ilikuwa imepita njia ngumu zaidi: mwaka 1993 zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire milioni 3, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000, kila moja kwa msimbo wake wa herufi tatu, ZRZ, ZRN na CDF. Programu ya hesabu inayohifadhi mipangilio kwa uaminifu wa kunakili tu ingemwachia mtumiaji nchi isiyokuwapo na sarafu isiyopokelewa sokoni. Inayofuta kila isichokitambua ingemrudisha kwenye chaguo-msingi, labda yuro na Ufaransa. Njia ya haki ni ya tatu, nayo huitwa uhamishaji: kuusoma uamuzi wa zamani, kuelewa alichokusudia mtu alipoufanya, na kuuandika upya kwa lugha ya sasa, ZR ikiwa CD. Lakini hata uhamishaji una mpaka wake. Mipangilio ya sarafu kwa hati mpya inapaswa kuhama; sarafu iliyoandikwa ndani ya hesabu za mwaka 1994 haipaswi kuguswa, kwa kuwa hiyo si upendeleo wa mtumiaji tena bali ni kumbukumbu ya malipo yaliyofanyika, na kubadilisha msimbo wake kungegeuza deni dogo kuwa utajiri.

Lugha imepitia jambo hilohilo. Kisangani ni mji ambamo Kiswahili, kilichofika na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, kinakutana na Kilingala kilichopanda mto pamoja na askari na meli, huku Kifaransa kikitawala ofisini. Kiwango cha ISO 639-3, kilichochapishwa mwaka 2007, kilikipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc, na hifadhidata ya lugha na mahali inayosimamiwa na shirika la Unicode, ambayo programu nyingi huitegemea, iliutumia kwanza msimbo huo, kisha katikati ya muongo wa 2010 ikaandika lahaja hiyo kama sw_CD, yaani Kiswahili cha nchi ya Kongo. Uamuzi huo unaweza kutetewa, maana mtumiaji ambaye neno lake halikutafsiriwa katika Kiswahili cha Kongo sasa hupewa la Kiswahili sanifu badala ya kutupwa kwenye Kiingereza. Hata hivyo kwa mtu aliyekuwa ameandikiwa swc katika faili yake, kila kitu kilitegemea kama programu ilijua kwamba misimbo hiyo miwili ni ya lugha moja.

Hali ya mji yenyewe huongeza uzito. Umeme wa Kisangani hutoka katika kituo cha maporomoko ya mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950, na ukosefu wake ni jambo ambalo wakazi wanalijua vyema. Programu inayoandika mipangilio moja kwa moja juu ya faili ya zamani, umeme ukikatika katikati, huacha faili nusu isiyosomeka, na ikifunguliwa tena hujiona mpya kabisa. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kuandika yote katika faili ya pembeni, kuhakikisha imefika kwenye diski, kisha kuibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya awali kwa tendo moja lisilogawanyika, hivi kwamba umeme ukikatika wakati wowote kibaki ama cha zamani kizima au kipya kizima. Mtunzi anayefanya kazi mahali ambapo umeme haukatiki huweza kuliona hilo kuwa jambo la ziada. Hana haki ya kuliona hivyo.

Kisha kuna kufomati. Fundi anayeletewa kompyuta iliyolemewa na virusi au iliyo nzito, mara nyingi huona njia fupi ni kufuta diski na kusakinisha mfumo upya kutoka kwenye fleshi, na kwa uungwana hunakili kwanza hati na picha za mwenyewe. Folda ya AppData hufichwa na Windows isionekane, kwa hiyo ndiyo inayoachwa nyuma. Na pamoja nayo huondoka alamisho, kamusi ya majina ya watu na vijiji ambayo karani aliijenga kwa miaka, na violezo vya barua. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na kisaidizi cha kuhamisha faili na mipangilio, na Vista ikawa na mrithi wake, lakini Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 chombo hicho hakikuwamo tena, huku mfumo ukiweza kupandisha baadhi ya mipangilio kwenye seva za mbali. Njia hiyo hudai intaneti ya kudumu na ya bei nafuu, na mahali ambapo mtu hununua data kidogo kidogo, nakala kwenye diski ya nje bado ndiyo njia ya kutegemewa.

Kwa sababu hiyo wanaofundisha elimu ya kompyuta katika vyuo vya Kisangani, na mafundi wanaotengeneza kompyuta mjini, wanaombwa kulipa jambo hili nafasi katika somo la kwanza kabisa la usakinishaji: kuonyesha folda ya mipangilio ya kila programu inayotumika sana ilipo, kuinakili kabla ya kugusa kitu kingine, kuandika ukanda wa saa na mpangilio wa kibodi wa mwenye mashine kwenye karatasi ya kazi, na kutomrudishia kompyuta yake mpaka vyote vitatu vimerudishwa mahali pake.